Miji Mitatu Sokoni: Jinsi Serikali ya Mji Inunuavyo Umeme

Baraza la mji linaponunua saruji ya kujengea daraja, lina njia nyingi za kujiyakinisha kwamba fedha ya raia haikupotea: mifuko huhesabiwa mlangoni mwa ghala, mmoja hufunguliwa ili saruji itazamwe kama haikushika maji, mzani huletwa, na mtunza ghala hutia sahihi yake chini ya hati ya kupokelea mali. Linaponunua umeme halina hata njia moja kati ya hizo. Bidhaa hiyo haina rangi wala harufu, haikubali kwa urahisi kuwekwa ghalani ikasubiri siku ya haja, aghalabu huzaliwa na kutumika katika nukta ile ile, na ule uliofuliwa na mtambo huu hauwezi kupambanuliwa na ule wa mtambo mwingine, kwani wote hupita katika nyaya zile zile, kama maji ya mito mingi yaliyokwisha kuingia bahari moja.

Basi ni kitu gani hasa ambacho mji hununua, pale penye wauzaji wengi wanaoshindana, na hujuaje kwamba umenunua vema? Swali hili lastahili kujibiwa kwa mifano ya kweli, na mifano iliyo dhahiri iko Texas, huko Marekani, katika miji mitatu iliyokwenda soko moja kwa njia tatu: Houston, mji mkubwa wenye wakazi zaidi ya milioni mbili, Georgetown, mji mdogo ulio kaskazini ya Austin, na Denton, mji wa vyuo vikuu ulio kaskazini ya Dallas. Mmoja ulitafuta mkataba wa miaka mingi kwa muuzaji wa rejareja, mmoja ulinunua kupita haja yake, na mmoja ulikutwa na baridi kali mlango ukiwa wazi.

Duka moja na maduka mengi

Msomaji wa Afrika ya Mashariki amezoea umeme wenye mlango mmoja. Akaaye Tanga au Mwanza hununua uniti za LUKU kwa TANESCO. Akaaye Mombasa huunganishwa na Kenya Power. Na Unguja nayo, ambayo hupokea umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, hununua kwa jumla kwa TANESCO. Bei huidhinishwa na mdhibiti wa serikali na kutangazwa kwa wote, na mnunuzi, awe mama lishe au awe manispaa, hana la kuchagua ila kutumia zaidi au kutumia kidogo.

Texas nayo iliishi hivyo kwa miaka mingi. Kila kampuni ilikuwa na eneo lake, ikifua umeme, ikiusafirisha, ikiuza na kukusanya fedha, bila mshindani wa kuisumbua. Mwaka 1999 Gavana George W. Bush alitia sahihi sheria iliyoikata biashara hiyo vipande vitatu, na tarehe 1 Januari 2002 soko huria likafunguliwa. Kipande cha kwanza ni cha wenye mitambo, ambao hushindana kuuza kwa jumla. Cha pili ni cha wenye nguzo na nyaya, na hawa waliachwa bila mshindani, kwa sababu hakuna busara katika kusimamisha safu mbili za nguzo kwenye barabara moja. Huko Houston kazi hiyo ni ya CenterPoint Energy, na nauli inayotozwa kwa kupitisha umeme huamuliwa na tume ya serikali. Cha tatu ni cha wauzaji wa rejareja, ambao aghalabu hawana mtambo wala nguzo, bali hununua kwa jumla na kuuza kwa wenye nyumba, wenye viwanda na serikali za miji, kama mchuuzi anunuavyo gunia la mchele akaliuza kwa kibaba.

Juu ya wote hao yuko ERCOT, msimamizi wa gridi inayobeba karibu asilimia 90 ya umeme utumikao katika jimbo lile. Hafanyi biashara ya faida. Wadhifa wake ni kuhakikisha kwamba kila dakika umeme unaoingia katika nyaya unalingana na unaotoka, maana mizani hiyo ikipotoka kwa dakika chache tu gridi nzima yaweza kuzimika. Na gridi hiyo imejitenga kwa makusudi. Texas ilichagua kutofungamana na majimbo jirani ila kwa viungo vichache vyembamba, ili isiingie chini ya mamlaka ya serikali kuu ya Washington katika jambo hili. Uamuzi huo tutaukuta tena mbele.

Hata hivyo sheria ya 1999 iliacha mlango wa pembeni. Miji iliyokuwa na idara zake za umeme tangu zamani, kama Austin, San Antonio, Georgetown na Denton, haikulazimishwa kuingiza ushindani mitaani mwake. Mkazi wa Georgetown hachagui muuzaji. Muuzaji wake ni mji wenyewe. Lakini mji huo, ili upate cha kumuuzia, hauna budi kwenda katika soko la jumla pamoja na makampuni makubwa. Kwa hiyo kuna namna mbili za serikali ya mji katika soko hili: ipo iliyo mteja, kama Houston, na ipo iliyo mwenye duka, kama Georgetown na Denton. Tofauti hii ni ndogo katika maneno na kubwa katika hasara.

Jinsi bei izaliwavyo

Kila siku, kabla ya saa nne asubuhi, wenye mitambo na wanunuzi wa jumla hupeleka ERCOT zabuni zao za kesho, saa kwa saa: huyu yuko tayari kutoa megawati kadhaa kwa bei kadhaa, yule yuko tayari kununua kiasi kile kwa bei hii. Mchana matokeo hutangazwa. Na kwa kuwa kesho haifuati makadirio ya mtu, siku yenyewe ikifika mnada mwingine huendeshwa kila dakika tano, usiku na mchana, kusahihisha yaliyokosewa.

Katika mnada huo zabuni hupangwa kuanzia ya chini kwenda juu. Upepo na jua hutangulia, maana havinunui kuni wala makaa. Hufuata mitambo ya nyuklia na ya makaa, kisha ya gesi, na mwisho ile mikongwe ya gesi iwashwayo siku za shida tu. Msimamizi hukubali zabuni moja baada ya nyingine mpaka haja ya saa ile itimie, na bei ya mtambo wa mwisho aliouhitaji ndiyo huwa kipimo cha bei ya wote. Tuseme haja ya saa fulani imetimizwa na mitambo mia, na tisini na tisa kati yake ilikuwa radhi kuuza kwa dola 20 au chini yake, lakini wa mia umetaka dola 80: wote watalipwa dola 80. Ndiyo maana usiku wa upepo mwingi bei katika nyanda za magharibi ya Texas hushuka mpaka sifuri, au hata chini ya sifuri, ilhali alasiri ya Agosti, wakati kila nyumba imewasha kiyoyozi, bei yaweza kupanda mara kumi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Mji ukienda soko hili hauendi kutafuta umeme, kwa kuwa umeme utafika mitaani kwa nyaya zile zile, muuzaji awaye yeyote. Huenda kutafuta yakini ya bei: ahadi ya mtu mwingine kwamba mawimbi yakipanda yatampiga yeye, si hazina ya mji. Ahadi hiyo nayo ina thamani yake, na muuzaji hawezi kuitoa bure.

Houston, mteja mkubwa

Serikali ya Houston hutumia zaidi ya megawati-saa milioni moja kwa mwaka, yaani zaidi ya bilioni moja ya zile tunazoziita uniti. Umeme huo husukuma maji safi na maji machafu, huendesha viwanja vya ndege, huwasha vituo vya polisi na vya zimamoto, maktaba, ofisi, na taa za kuongozea magari. Mteja wa namna hii akitaka kununua vema lazima kwanza ajijue, na kujijua huko ni kazi ya subira, ya kukaa na maelfu ya ankara na kuuliza si tu tumetumia kiasi gani, bali tumekitumia saa ngapi.

Saa ndizo zenye siri. Taa za barabarani, ambazo kwa kawaida hata mita hazina bali hukadiriwa kwa nguvu ya taa na urefu wa usiku, huwaka wakati bei ya jumla aghalabu iko chini. Ofisi huwaka mchana, wakati bei iko juu, wala haiwezekani kumwambia karani aje kazini usiku wa manane. Pampu za maji ziko katikati, na ndizo zenye faida iliyofichika. Kwa maana umeme hauwekeki kwa urahisi, lakini maji huwekeka. Tangi lililojazwa alfajiri kwa umeme wa bei nafuu litawanywesha watu jioni bila pampu kuzunguka. Hata leo, betri kubwa zikiwa zimeanza kuenea Texas, tangi la maji lililo juu ya nguzo zake ni miongoni mwa maghala ya umeme ya kale na ya kuaminika ambayo mji unayo, ingawa wapitao chini yake hawalijui kwa jina hilo.

Faida hiyo ya matangi tuitazame kwa karibu, katika nauli ya nyaya. Katika miezi ya Juni, Julai, Agosti na Septemba, hutafutwa ile robo saa moja ya kila mwezi ambayo Texas yote ilitumia umeme mwingi kuliko robo saa nyingine zote. Na kiasi ambacho mteja mkubwa alitumia katika robo saa hizo nne ndicho kipimo cha sehemu ya nauli ya nyaya kubwa atakayotozwa mwaka unaofuata. Hakuna anayepewa habari mapema kwamba robo saa hiyo ndiyo hii. Hujulikana baada ya kupita. Kwa hiyo mhandisi wa maji aliye hodari hushinda alasiri za joto akiyatazama makadirio ya ERCOT, na aonapo dalili, kama saa kumi na moja hivi, matangi yakiwa yamejaa tangu alfajiri, huzizima pampu kubwa na kungoja. Akibahatisha vema, dakika 15 za ukimya zimeuokolea mji fedha ya miezi 12. Akikosea, hakupoteza kitu ila jioni moja ya kungoja.

Mji ukisha kujijua, hutangaza zabuni. Hapa pana jambo linalowatatiza madiwani wengi. Taratibu za serikali zimejengwa juu ya mwendo wa pole: tangazo, majuma ya kungoja, kamati, kisha kikao. Lakini bei ya umeme ni kama bei ya samaki mnadani. Muuzaji aliyeitaja asubuhi hatakubali kuiweka mpaka wiki ijayo, maana soko analonunulia yeye litakuwa limekwisha badilika. Kwa hiyo miji yenye busara hutanguliza ridhaa: baraza hukaa kabla, hukubali masharti ya mkataba, huweka kikomo cha bei ambacho hakuna ruhusa kukivuka, kisha humkabidhi ofisa mmoja mamlaka ya kutia sahihi siku ile bei itakaposhuka chini ya kikomo. Hayo si kulikwepa baraza. Ni baraza kufanya kazi yake kwa wakati unaofaa, likaamua juu ya hatari kabla hatari haijabisha hodi.

Mkataba wenyewe una maswali matatu makubwa. La kwanza, bei iwe imara kwa miaka yote au ifuate soko, au sehemu hii iwe imara na sehemu ile ifuate? La pili, mkataba uwe wa miaka mingapi? La tatu, ambalo husahaulika, mji ukitumia zaidi au pungufu ya ulivyokadiria, nani atabeba tofauti? Mwaka 2020, chini ya Meya Sylvester Turner, Houston ilifanya mapatano ya miaka saba na kampuni ya NRG, kwamba shughuli zote za serikali ya mji ziendeshwe kwa nishati jadidifu, na ikakadiriwa kwamba mapatano hayo yangeiokolea hazina dola milioni 65 katika muda wake.

Yafaa tueleze maana ya maneno hayo, kusudi asiwepo wa kudhani kwamba kuna waya wa pekee utokao shamba la jua mpaka pampu ya Houston. Kila megawati-saa ifuliwayo kwa jua au upepo huzaa vitu viwili: umeme wenyewe, ambao huingia baharini pamoja na mwingine wote, na hati inayoshuhudia kwamba kiasi kile kilifuliwa kwa njia safi. Mwenye kuimiliki hati ndiye mwenye haki ya kusema kwamba ametumia umeme safi. Na mnunuzi mkubwa anayejifunga kwa miaka mingi hutoa kitu kilicho bora kuliko hati, nacho ni uhakika ambao mjenzi wa shamba la jua huupeleka benki akakopeshwa.

Georgetown, ulionunua kupita haja

Georgetown ulikuwa mji wa watu wapatao elfu 70 ulipopata sifa duniani. Meya wake, Dale Ross, alikuwa mhasibu kwa taaluma na mtu wa chama cha Republican, na sababu yake ya kwanza ya kuchagua upepo na jua ilikuwa hesabu: gesi hupanda na kushuka, ilhali upepo hautumi ankara. Mji ukatia sahihi kununua megawati 144 za upepo wa kaskazini ya Texas mpaka mwaka 2035, kisha megawati 150 za jua la magharibi ya jimbo kwa miaka 25, zote kwa bei imara. Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, alipotengeneza filamu yake ya pili juu ya hali ya hewa, iliyotoka mwaka 2017, meya huyo alionekana ndani yake.

Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa ya akili, lakini ilikuwa na tundu. Mji ulijifunga kununua umeme mwingi kuliko uliohitaji, kwa kutazamia kwamba watu wataongezeka na kwamba ziada itauzwa mnadani kwa faida. Ziada ikauzwa, lakini si kwa bei iliyotazamiwa, kwa sababu gesi ya Marekani ilikuwa nyingi na rahisi kuliko makadirio, na bei ya jumla ikakaa chini. Mji ukawa kama mtu aliyenunua jahazi zima la tende kwa bei iliyopangwa mwaka jana, akala kapu moja, na mengine akayauza sokoni siku ambayo kila mtu ana tende. Mwaka 2018 pengo likafika karibu dola milioni 7, na mwaka uliofuata ankara za wakazi zikaongezwa ili kuliziba.

Wako waliosema kwamba upepo na jua ndivyo vilivyouponza mji ule. Mimi siafiki. Lau ungalinunua megawati zile zile za gesi kwa bei imara na kwa muda ule ule, soko lilipokaa chini ungalipata hasara ya namna ile ile. Kosa lilikuwa katika kipimo. Anayenunua bei imara kwa kiasi atakachotumia amejikinga. Anayenunua bei imara kwa kiasi asichokihitaji ameingia katika ulanguzi, hata kama moyoni mwake anaamini kwamba anajikinga. Hiyo ndiyo hila ya soko hili: mkataba mmoja, kwa maneno yale yale, huwa bima mkononi mwa huyu na kamari mkononi mwa yule, na kinachotenganisha ni namba moja tu, ya uniti anazozihitaji kwa kweli.

Denton na baridi ya Februari

Katikati ya Februari 2021 baridi ya kaskazini iliteremka Texas na kukaa. Visima vya gesi na mabomba yake yakaganda, mitambo ya kila aina ikazimika, na watu wakawasha vipasha joto kwa pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 15 gridi ilikuwa imebakiza dakika 4 na sekunde 37 kabla ya kuanguka yote. Ili kuiokoa, ERCOT akaamuru mitaa ikatiwe umeme, na zaidi ya nyumba na biashara milioni nne zikabaki gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Majimbo jirani hayakuweza kusaidia ila kidogo sana, kwa vile viungo vilikuwa vichache na vyembamba, na wao wenyewe walikuwa katika baridi ile ile. Hesabu ya serikali ya jimbo ilitaja watu 246 waliokufa kwa sababu ya baridi hiyo.

Sokoni, tume ya serikali iliagiza bei iwekwe kwenye dari iliyoruhusiwa na sheria, dola 9,000 kwa megawati-saa, ili kila mwenye mtambo awe na sababu ya kuuwasha. Na hapo ikakaa karibu siku nne. Tuilete bei hiyo nyumbani. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka kwa saa moja hutumia uniti moja. Siku ya kawaida uniti hiyo katika soko la jumla ni senti mbili au tatu za dola. Siku zile ilikuwa dola tisa.

Denton ni mji wenye duka. Watu wake walihitaji umeme, na mji, kwa kuwa ndio muuzaji wao, ulilazimika kuununua kwa bei iliyokuwapo. Katika siku chache ulitumia dola zipatazo milioni 207, fedha ambayo mji wa watu wapatao laki moja na elfu arobaini hauwezi kuitoa mfukoni; ikabidi ukope, na deni la siku nne likawa la kulipwa kwa miaka. Haukuwa peke yake. Brazos Electric, ushirika mkubwa uliokuwa ukiviuzia vyama vya vijijini, ulidaiwa na ERCOT dola bilioni 1.8, na tarehe 1 Machi ukaomba hifadhi ya sheria ya kufilisika. Nako mitaani, wateja wa kampuni iitwayo Griddy, waliokuwa wamefurahia kwa miaka kulipa bei ya jumla ilivyo, waliamka na ankara za maelfu ya dola.

Na yule mteja mwenye bei imara? Mkataba wa namna hiyo ulimlinda na dola 9,000, wala haukumlinda na giza. Katika juma lile Houston iliwaamuru wakazi wake wachemshe maji ya kunywa kwa siku kadhaa, kwa sababu nguvu ya maji katika mabomba ilikuwa imeshuka. Yakini ya bei ni kitu kimoja, na yakini ya umeme wenyewe ni kitu kingine, nayo haiuzwi katika mkataba wa rejareja; hupatikana kwa jenereta iliyojaribiwa kabla ya siku yake, kwa bomba lililokingwa na baridi, na kwa gridi yenye majirani. Baada ya msiba ule sheria zilikazwa, mitambo ikaagizwa ijikinge na baridi, na dari ya bei ikateremshwa hadi dola 5,000. Ni hatua za haki, lakini wahenga walikwisha kutuambia kwamba tahadhari hutangulia athari.

Fedha ya amana

Tabia za wanunuzi wote hawa ni za binadamu kokote aliko. Griddy ilipendwa kwa sababu siku nyingi ilikuwa rahisi, na urahisi wa siku mia tatu husahaulisha siku nne za ghali. Georgetown ilinunua zaidi kwa sababu mwenye tumaini huona kesho ikiwa kama anavyoitaka. Lakini mtu binafsi akibahatisha kwa fedha yake, hasara ni yake; serikali ya mji hubahatisha kwa fedha ya mwenye genge, ya mjane, na ya mtoto asiyejua hata neno mkataba lina maana gani. Fedha hiyo ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kucheza nayo, hata katika mchezo anaotumaini kushinda.

Mambo haya hayako mbali nasi kama yaonekanavyo. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 imefungua njia ya kuwepo kwa wasambazaji na wauzaji zaidi ya mmoja. Umoja wa gridi za Afrika ya Mashariki, ulioundwa mwaka 2005, umekusudiwa hatimaye kuwa soko la kuuziana umeme baina ya nchi, na nyaya za msongo mkubwa zimekwisha kuiunganisha Kenya na Ethiopia na vilevile Kenya na Tanzania. Kuunganishwa huko ni heri, na anayekumbuka upweke wa Texas katika ile baridi hatahitaji hoja nyingine. Lakini pamoja na nyaya huja wauzaji, na pamoja na wauzaji huja siku ambayo diwani wa Mombasa, wa Kampala au wa Dar es Salaam atawekewa mezani hati yenye kurasa nyingi, aambiwe bei hii ni nzuri na mwisho wake ni jioni ya leo.

Siku hiyo isiwe ndiyo siku yake ya kwanza ya kufikiri. Mita za mji ziwe zimekwisha kuhesabiwa, na saa za matumizi yake zijulikane. Matangi ya maji yawe makubwa ya kutosha kuiruhusu pampu ipumzike jioni. Kikomo cha bei na kiasi cha uniti viwe vimejadiliwa mbele ya watu. Na kabla mikono haijanyanyuliwa kupitisha mkataba, mmoja kati ya madiwani asimame aulize swali moja kwa lugha ambayo hata aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi ataisikia: bei ikipanda mara mia kwa siku nne, ni nani katika hati hii atakayelipa? Ikiwa jibu limeandikwa, na lisomwe kwa sauti. Ikiwa halikuandikwa, basi mlipaji ni wale walioketi nyuma.